Utando unaoichelewesha chipu mpya

Viwanda vya chipu vimeshamwona mrithi wa silikoni: molibdenamu disalfaidi, semikondakta ambayo tabaka lake moja halifikii unene wa nanomita 1. Mwaka 2011 watafiti wa EPFL, Lausanne, walionyesha transista nzuri ya tabaka moja tu. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, kikatoa prosesa yenye transista zipatazo 5,900. Sokoni semikondakta hiyo bado haijafika, na kati ya vikwazo vyake, chenye fedha zaidi kwa maoni yangu ni kihami cha lango.

Kihami ni utando unaolitenga lango, yaani swichi ya transista, na njia ya umeme. Ukiwa mnene, lango halina nguvu ya kuwasha na kuzima. Ukiwa mwembamba mno, elektroni hupenya na betri huisha bure. Silikoni ilijaliwa: ipashe moto penye oksijeni, itajiotea kihami chenyewe. Utando huo ulipofikia nanomita 1.2 hivi, uvujaji ulizidi, na mwaka 2007 Intel ikahamia kwenye oksaidi ya hafniamu.

Oksaidi hiyo hutandikwa kwa mbinu ya ALD, yaani kutandika tabaka la atomu moja baada ya jingine, ambayo Tuomo Suntola aliibuni Finland mwaka 1974 na ambayo leo ni tegemeo la biashara ya ASM ya Uholanzi. Gesi ya kwanza huingia na kunata, mabaki yakafagiliwa, kisha huingia ya pili. Tabaka juu ya tabaka. Tatizo ni kwamba uso wa molibdenamu disalfaidi hauna pa kunatia. Oksaidi hujikusanya vidonge vidonge kama maji kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, na katika mianya umeme huvuja.

Watafiti wa Nanjing walitandika kwanza tabaka moja la molekuli za kikaboni ili oksaidi ipate pa kushika. Vienna walijaribu floraidi ya kalsiamu ya nanomita 2. Mwaka 2024 wenzao wa Shanghai walitengeneza fuwele ya oksaidi ya alumini ya nanomita 1.25, wakaibandua na kuihamishia kwenye semikondakta. Kazi safi, ila kubandua na kubandika bila mkunjo juu ya sahani ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300, maelfu kwa mwezi, ni habari nyingine. Mimi ningeweka dau kwa njia ya Nanjing, kwa kuwa mashine za ALD zimeshanunuliwa na zimo viwandani.

Wanaodhani faida itatoka kwenye madini wajihadhari. Hafniamu hupatikana ndani ya zirkoni, mchanga ambao Kwale, Kenya, iliusafirisha ukiwa ghafi hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Utando wa nanomita chache hutumia hafniamu kidogo mno. Fedha iko kwa anayemiliki mashine na ujuzi wa kuutandika.