Majibu ya kemia yamo topeni Wang'uru

Mwanafunzi wa Wang'uru aliyepitia mashindano ya chemsha bongo atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. London? Thames. Paris? Seine. Cairo? Nile. Berlin huwaangusha wengi, maana Spree haina sifa kubwa. Akifika kidato cha tatu anaongezewa orodha nyingine ya kukariri: methani ni kaboni moja na hidrojeni nne, ethani ni kaboni mbili na hidrojeni sita. Mito inabaki kwenye jiografia na kaboni kwenye kemia. Watunzi wa maswali hawajawahi kuvikutanisha, ilhali hapa vimekuwa pamoja tangu miaka ya 1950.

Mji huu, ambao wengine huuita Ngurubani na wengine Mwea, uko kwenye barabara ya Makutano kwenda Embu, kaunti ya Kirinyaga. Mradi wake wa mpunga ulianza wakati wa hali ya hatari ya enzi za ukoloni, na mifereji ya mwanzo ilichimbwa na mahabusu wa Mau Mau. Maji hutoka Nyamindi na Thiba, mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya, na tangu 2022 bwawa la Thiba huyahifadhi kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Thiba huishia bwawa la Kamburu, na kutoka hapo maji yake ni maji ya Tana hadi Kipini, Bahari ya Hindi. Hakuna chemsha bongo niliyoisikia ikiuliza hayo.

Ingia kwenye jaruba la mpunga lililokaa na maji wiki kadhaa, uchomeke fimbo topeni. Mapovu yanayopanda yana methani. Mwaka 1776 Alessandro Volta, yule ambaye volti imechukua jina lake, alikoroga tope la Ziwa Maggiore kule Italia, akakinga mapovu kwenye chupa na kuona gesi hiyo inawaka. Chanzo cha gesi hiyo ni ukosefu wa hewa. Maji yakifunika udongo, vijidudu humaliza oksijeni upesi, kisha hutumia naitreti, kisha chuma, kisha salfeti. Vyote hivyo vikipungua, hutamba vile visivyoivumilia oksijeni kabisa, na kazi yao ni kutoa methani kutokana na mabua na mizizi inayooza. Sehemu kubwa ya gesi haingoji hata povu: hupitia ndani ya mpunga wenyewe, kwenye mirija ambayo mmea hutumia kupeleka hewa mizizini. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Ndiyo maana kilimo cha kulowesha na kukausha kwa zamu, kilichoanzia Madagaska na kuletwa Mwea na Profesa Bancy Mati wa chuo kikuu cha JKUAT mwaka 2009, kinastahili kusifiwa mara mbili. Kinaokoa maji, na udongo ukipata hewa methani hupungua.

Twende kwenye mbolea. Yurea ina kaboni moja, oksijeni moja, naitrojeni mbili na hidrojeni nne. Zamani ilijulikana kama kitu cha mkojo, na wanakemia wengi waliamini vitu vya aina hiyo haviwezi kutengenezwa nje ya kiumbe hai. Mwaka 1828, Berlin, kando ya Spree ile inayowaangusha watoto, Friedrich Wöhler aliipata kutokana na chumvi ya maabara, akamwandikia mwanakemia mwenzake Berzelius kwamba ameitengeneza bila kuhitaji figo. Leo gunia la yurea la kilo 50 lina kilo 23 za naitrojeni. Ukiimwaga yurea juu ya maji yaliyosimama wakati wa jua kali, sehemu yake hugeuka amonia na kupaa, na pesa zako zikapaa nayo.

London nayo ilipata somo lake, tena la uvundo. Mwaka 1855 Michael Faraday, yule aliyegundua benzini mwaka 1825, aliandika gazetini kwamba alitupa vipande vya kadi nyeupe ndani ya Thames, vikapotea machoni kabla ya kuzama hata inchi moja. Maji yaliyojaa taka hukosa oksijeni kama tope la jaruba. Anayeishi karibu na Mto Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini fahari ya Wang'uru ni harufu ya mchele wake, pishori. Pishori ni Basmati 370. Aina nyingine ya mpunga, BW 196, huzaa zaidi lakini haina manukato. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti walitambua kinachonukia: 2-asetili-1-pirolini, molekuli ndogo ya kaboni sita, hidrojeni tisa, naitrojeni moja na oksijeni moja. Ndiyo hiyohiyo inayonukia kwenye bisi na ganda la mkate. Mpunga wa kawaida una kimeng'enya kinachomaliza malighafi yake. Kwa pishori jeni la kimeng'enya hicho limeharibika, malighafi ikabaki na kuwa harufu. Yaani tunalipa zaidi kwa sababu ya hitilafu, na mimi nalipa kwa moyo mweupe. Pua ya binadamu huitambua molekuli hii ikiwa sehemu moja tu katika bilioni 10 za maji. Hapo ndipo walaghai wanapofaidi: pishori kidogo hunukisha gunia zima la mchele wa bei rahisi, kwa hiyo kunusa peke yake si kipimo cha kutosha. Tena harufu hiyo hupaa. Mchele uliokaa miezi mingi juani kwenye gunia wazi umeshapoteza sehemu ya ulichokilipia. Nunua uliokobolewa karibuni, uufunge vizuri.

Kwa walimu wa kemia wa Mwea: kabla ya kuandika methani ubaoni, wapelekeni wanafunzi kwenye jaruba wakiwa na fimbo, faneli na chupa, wakinge mapovu wenyewe kama Volta. Wavisheni gambuti kwanza, kwa sababu kichocho kimekuwa tatizo la maji ya Mwea kwa miaka mingi.