Shamba lisilolimwa lahitaji samadi safi: Funzo la Ugogo

KABLA ya mvua za Desemba, moshi huonekana katika mashamba mengi ya Dodoma. Mabua ya mtama na uwele yaliyoachwa na mifugo hukusanywa na kuchomwa, shamba hubaki tupu, na mbegu hufukiwa kwa jembe la mkono, wakati mwingine udongo ukiwa bado mkavu. Plau haipiti wala trekta haliitwi. Wagogo wanauita utaratibu huo kuberega.

Ni rahisi kwa mgeni kuuita uvivu, lakini hesabu yake ina maana. Sehemu kubwa ya uwanda wa kati hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, nazo huja katika msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na katikati yake, hasa Februari, jua huweza kuwaka wiki mbili au tatu bila tone. Mkulima asiye na ng'ombe wa kukokota plau akisubiri zamu ya jirani, mtama wake utakutwa na jua hilo ukiwa bado mchanga. Anayeberega hupanda mapema. Zaidi ya hapo, mvua ya kwanza huamsha naitrojeni iliyolala ardhini, na mmea uliokwisha kuota ndio unaoiwahi kabla haijazama chini.

Kosa la kuberega lipo kwenye moto. Mabua yakichomwa, udongo hubaki uchi. Matone makubwa ya mvua huupiga hadi ukafanya gamba juu, na maji ambayo yangeingia ardhini hukimbilia korongoni yakichukua udongo na samadi kama ilikuwapo. Kwa hiyo mkulima wa Dodoma hahitaji kufundishwa kuacha plau. Anachohitaji ni kuondoa kiberiti katika utaratibu anaoujua tangu kwa babu yake, na kurudisha rutuba ambayo haitii ardhini.

Ugogo una kumbukumbu nyingine kuhusu kulima, nayo iko Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga uliolenga zaidi ya ekari milioni tatu Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalivunjikia kwenye visiki na mibuyu. Ardhi iliyofyekwa na kutifuliwa ilipokauka ikawa ngumu kama saruji, hata karanga chache zilizozaa zikawa taabu kung'olewa. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na hazina ya Uingereza ikapoteza paundi zaidi ya milioni 36. Mvua ya Kongwa haikujali ukubwa wa trekta.

Kwingine duniani kilimo cha kutogeuza udongo kilishika kasi baadaye. Huko Brazil, mkulima Herbert Bartz wa Rolândia katika jimbo la Paraná alianza mwaka 1972 baada ya kuchoshwa na mmomonyoko, na leo mamilioni ya hekta za nchi hiyo hupandwa hivyo. Ila wengi wao hutegemea dawa za kuua magugu, kwa sababu kazi kubwa ya plau ni kufukia magugu, na ukiiondoa lazima kitu kingine kiifanye. Anayetaka kuacha plau na dawa kwa pamoja amejichagulia njia ngumu. Njia hiyo huwezekana kwa vitu viwili tu: udongo uliofunikwa muda wote, na chakula cha udongo kisicholeta magugu mapya.

Mabua ni ya nani?

Katika kijiji cha Chololo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, mradi wa kijiji cha mfano uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kusimamiwa na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kuanzia mwaka 2011 uliingiza ripa ya Magoye, chombo kilichobuniwa Zambia. Ripa huvutwa na ng'ombe kama plau, lakini haigeuzi udongo. Huchana mfereji mmoja mwembamba wa kupandia, ikavunja ile sakafu ngumu ya chini, na nafasi kati ya mistari huachwa bila kuguswa. Pamoja nayo zilikwenda mbegu zinazokomaa mapema, matuta yenye vizuizi vya maji na samadi.

Asiye na ng'ombe huchimba mashimo kiangazi, wakati kazi ni chache. Kwa nafasi ya sentimeta 70 kwa 90, ekari moja huchukua mashimo yapatayo 6,400. Mwaka unaofuata mashimo ni yaleyale, ni kuzibua tu. Kazi ya mwaka wa kwanza huumiza mgongo, na hapo ndipo wengi huishia.

Ugumu mkubwa zaidi ni kifuniko. Kwa desturi, mavuno yakishatoka shamba huwa malisho ya wote, na mkulima aliyeacha mabua yake yalale humkuta ng'ombe wa jirani ameyamaliza kabla ya Septemba. Kinachobaki mchwa hukichukua. Kuzungushia miiba shamba la ekari tatu si kazi ndogo, na kugombana na jirani kwa ajili ya mabua huonekana roho mbaya. Wilaya ya Kondoa iliwahi kulimaliza suala hili kwa nguvu: chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, mifugo yote iliondolewa mwaka 1979 katika eneo lililomomonyoka. Majani yalirudi na makorongo yakatulia, lakini wenye ng'ombe walilipa gharama. Mifugo iliporuhusiwa tena miaka ya baadaye ilikuwa ya kufungwa bandani, na hapo wakulima wakagundua faida ambayo haikuwa shabaha ya kwanza: samadi yote iko mahali pamoja.

Kwa walio wengi, makubaliano ya kitongoji au sheria ndogo ya kijiji yatafaa kuliko amri. Njia nyingine ni kupanda fiwi, zile wanazoziita ngwara kaskazini, katikati ya mistari ya mtama au mahindi. Fiwi hutambaa, huendelea kuwa kijani baada ya mvua kukatika, na hufunika udongo huku zikiongeza naitrojeni. Mbuzi wanazipenda sana, jambo ambalo ni heri na balaa kwa wakati mmoja.

Samadi inayoleta kiduha

Dodoma ina mifugo mingi na mazizi ya zamani yenye samadi inayofika magotini. Wenye mashamba ya zabibu huinunua kwa lori, na biashara hiyo imeongezeka kadiri mji unavyopanuka na bustani za mboga zinavyoongezeka. Wanunuzi wengi huuliza bei na ukubwa wa lori. Wachache huuliza ng'ombe wale walikula nini.

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya kiduha. Gugu hili lenye maua mazuri hunyonya mizizi ya mtama, uwele na mahindi, na mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi ambazo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Mbegu hizo huweza kupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Mkulima aliyenunua samadi mbichi kutoka zizi la eneo lenye kiduha amelipa fedha yake kununua ugonjwa, na kwa kuwa hatalima, mbegu zile zitabaki juu kabisa, jirani na mizizi. Ni kweli kwamba udongo wenye rutuba hupunguza makali ya kiduha, na zipo mbegu za mtama za Hakika na Wahi, zilizotolewa mwaka 2002, ambazo hukistahimili. Hata hivyo ni nafuu kutokileta shambani kuliko kupambana nacho.

Dawa yake ni kuivundika samadi. Katika nchi kavu kama Dodoma shimo ni bora kuliko lundo la juu, kwa sababu unyevu hautoroki. Samadi huchanganywa na mabaki ya majani, hulowanishwa mpaka ukiikamua mkononi itoe tone moja au mawili, kisha hufunikwa kwa udongo au majani makavu. Joto la katikati lifike nyuzi 55 hadi 65. Asiye na kipimajoto achomeke fimbo katikati na kuichomoa baada ya muda. Kama hawezi kuishikilia, moto unatosha. Igeuzwe mara tatu au nne ili iliyokuwa pembeni nayo iingie katikati, kwani pembeni ndiko mbegu hunusurika.

Samadi iliyoachwa juani zizini miaka mingi haina wingi wa nguvu ambao watu hudhani. Naitrojeni yake mara nyingi haifiki asilimia moja. Kwa nusu kilo kila shimo, ekari hutumia tani 3.2, na hata ikiwa asilimia moja kamili hiyo ni kilo 32 tu za naitrojeni, tena si zote zitakazotoka msimu wa kwanza. Ndiyo maana kutia shimoni hushinda kumwaga shamba zima.

Jaribio la maharage

Kuna uchafu ambao moto wa mboji hauuondoi. Baadhi ya dawa za kuua magugu ya majani mapana zinazopulizwa kwenye malisho hupita kwa ng'ombe bila kuvunjika, zikakaa kwenye samadi miezi mingi. Uingereza ilisimamisha mwaka 2008 uuzaji wa dawa zenye aminopirialidi baada ya wenye bustani kuona viazi na nyanya zao zikijikunja kwa sababu ya samadi waliyonunua. Mkulima wa zabibu ana sababu ya kuogopa zaidi, kwani mzabibu nao huumizwa kirahisi na dawa za aina hiyo, na haung'olewi kila mwaka kama nyanya.

Jaribio lake halihitaji maabara. Chukua makopo sita yaliyotobolewa chini. Matatu yajazwe mchanganyiko wa samadi na udongo wako, nusu kwa nusu, na matatu udongo mtupu. Panda maharage matatu kila kopo, mwagilia sawasawa, na usiyaweke makopo yote mahali pamoja ili maji ya moja yasiingie jingine. Baada ya wiki tatu, kama majani ya upande wa samadi yamejikunja kama kikombe na shina limepinda huku mengine yamenyooka, usiinunue. Yakichomeka kingo na kuwa kahawia, tatizo huenda ni chumvi, ambayo ni kawaida kwa samadi ya kuku isiyoiva. Iache zaidi au ipunguze.

Majivu yanafaa, ila yawe ya kuni. Ya mbao zilizopakwa rangi au zilizotiwa dawa hayastahili kuingia shambani. Taka za masoko zina rutuba, lakini betri moja iliyooza humo huacha madini ambayo hakuna mvua itakayoyaosha. Mashudu ya alizeti, ambayo Dodoma na Singida zinayo kwa wingi, yana naitrojeni kuliko samadi yoyote, ila bei yake huamuliwa na wenye kuku na ng'ombe wa maziwa, na kwa kawaida ni busara zaidi kuyapitisha kwanza kwa ng'ombe.

Fosfeti ya Minjingu, mkoani Manyara, husifiwa sana kwa wakulima wa mazao hai, nayo ni jiwe la asili kweli. Lakini jiwe hilo likisagwa tu bila kuchanganywa na kitu huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Mashamba mengi ya uwanda wa kati hayana tindikali ya kutosha, na mvua ni chache. Mkulima anaweza kusubiri miaka kuona tofauti. Afadhali ainyunyize ndani ya shimo la mboji, ambako inaanza kulegea. Nazo mbolea za mifuko zinazochanganya samadi na madini ya viwandani, kama za kiwanda kilichojengwa Nala, zina kazi yake, ila si za anayelenga alama ya Kilimohai iliyoanzishwa Afrika Mashariki mwaka 2007, kwani viwango vyake havikubali mbolea za kutengenezwa kiwandani.

Watu wa mbali hulipa ghali kwa udongo wa namna hii. Nchini Kanada, iliyohalalisha bangi mwaka 2018, na katika baadhi ya majimbo ya Marekani, wapo wanaoikuza ndani ya majengo katika udongo uleule usiogeuzwa mwaka hadi mwaka, wakiulisha mboji na mashudu, na huangalia sana asili ya kila mfuko kwa kuwa mmea huo hunyonya madini mazito. Hapa nchini zao hilo ni haramu na sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya haina mzaha nalo, lakini zabibu hukaa mahali pamoja miaka mingi vilevile, na kinachotiwa kwenye shina lake leo kitakuwapo hapo muda mrefu.

Kwa mfanyabiashara mdogo hii ni nafasi. Samadi iliyovundikwa, iliyochekechwa na inayojulikana zizi ilikotoka inaweza kuuzwa bei tofauti na ile ya kukokotwa zizini, mradi muuzaji aweze kuonyesha. Anayetaka kuifunga kwenye mifuko yenye jina na kuiuza kama mbolea aanzie kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Anayeuza kwa lori kwa majirani anahitaji kuaminika tu, na makopo sita ya maharage kando ya barabara yanaweza kufanya kazi hiyo kuliko bango. Yapandwe mapema Oktoba. Mnunuzi akija mwishoni mwa mwezi atakuta majani yameshafunguka, na bado atakuwa na Novemba nzima ya kusafirisha na kutia mashimoni.