Rangi Nyekundu Ilipokwisha

Wazazi wengi tukimnunulia mtoto sanduku la rangi za maji, huifuatisha zawadi hiyo kwa onyo: "Usiziharibu!" Basi mtoto huzitazama tu, na akichovya burashi huichovya kwa hofu. Lakini kifaa kipya cha sanaa hakifahamiki kwa kutazamwa. Hufahamika kwa kujaribiwa, na majaribio hayakosi hasara. Jambo hili nilifundishwa katika chuo cha ualimu, nami nikalisahau siku nilipolihitaji.

Hapa Gatete, katika eneo la Rumonge, michikichi imetuzunguka, na mtoto akichora kwao haachi kuchora vishada vyekundu vya chikichi. Kwa hiyo katika sanduku la mwanangu mwenye umri wa miaka minane, kidonge chekundu ndicho kilichokwisha kwanza. Akatafuta rangi nyingine, akaiona jikoni: mawese. Je, si kila siku twaona yakitia nguoni doa lisilotoka kwa urahisi? Akachovya burashi, akapaka katika daftari lake la shule.

Mawese hayakukauka. Yalienea, yakapenya kurasa kadhaa pamoja na kazi za hesabu. Nilimgombeza kwa maneno makali. Wiki nzima hakugusa burashi, na nilipomwuliza sababu alijibu kwamba yeye hajui kuchora. Jibu hilo liliniuma kuliko daftari lile. Daftari hununuliwa tena. Hamu ya mtoto ya kutaka kujua haiuzwi dukani.

Nilimwomba radhi, kisha nikamwita tujaribu pamoja. Tulikata vipande vitatu vya katoni kuukuu. Tukachukua udongo mwekundu, ambao wekundu wake watokana na kutu ya chuma, tukauvuruga ndani ya maji. Mchanga ulituama upesi. Maji mekundu tukayamimina katika chombo kingine na kuyaacha hadi kesho yake. Tulipomwaga maji ya juu yaliyotakata, tulibaki na tope laini.

Kipande cha kwanza alikipaka tope lililochanganywa na mawese. Cha pili tope tupu. Cha tatu tope lililochanganywa na uji wa muhogo. Siku iliyofuata alivipitishia kidole. Cha kwanza kilikuwa kingali chateleza. Cha pili kilikuwa kimekauka, lakini rangi ilipukutika kama vumbi. Cha tatu kilishika. Mtoto alicheka, nami nilifurahi kukiona kicheko hicho kimerudi.

Sababu yake ni hii. Rangi yahitaji kitu cha kuishikiza. Mafuta ya kitani, ambayo wachoraji huyatumia tangu zamani, huvuta oksijeni ya hewani yakawa utando mgumu. Mawese hayana tabia hiyo. Wanga wa muhogo, kwa upande wake, ukipikwa majini huvimba na kuwa gundi.

Kwa mzazi atakaye kujaribu: koroga vijiko viwili vya unga wa muhogo katika kikombe cha maji baridi, kisha pika kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi uji uwe mzito na wa kung'aa. Uache upoe, ndipo utie rangi. Makaa yaliyosagwa hutoa weusi, na bizari ya manjano hutoa umanjano. Tengeneza kiasi kidogo, kwani uji huo huchacha baada ya siku chache.

Hata hivyo, si kila kitu chafaa kujaribiwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, alisifika kwa kutumia mbao za dari na rangi za kung'aa za dukani. Tumwige kwa ujasiri wake wa kutumia kilichopo, lakini rangi za namna hiyo si za watoto: baadhi yake huwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo. Kadhalika, tusiwaruhusu kupasua betri za redio ili kupata unga mweusi. Ule si makaa matupu, una madini ya manganizi.

Wazazi wenzangu, siku mtakapoleta nyumbani rangi mpya, leteni pia karatasi ya kuharibu. Mpeni mtoto karatasi hiyo kwanza, mketi naye, mwulizane: "Tukifanya hivi, itakuwaje?" Mwanangu sasa ana daftari la majaribio, na ukurasa wake wa kwanza una doa la mawese ambalo hadi leo halijakauka.