Mchuzi wa Makindu: bakuli moja, mikono mingi

Mwaka jana nilimpeleka mama Nairobi kwa daktari. Tulitoka Mombasa alfajiri kwa gari la kuazima, na pesa zote zilikuwa na kazi yake: mafuta, daktari, dawa. Chakula cha njiani hakikuwa kwenye hesabu. Kufika Makindu, mama, ambaye ana ugonjwa wa sukari, alianza kutetemeka. Dereva akakata kona, akaingia kwenye hekalu la Masikh, au Makalasinga kama wazee wetu wanavyowaita.

Mama alisita mlangoni. "Mwanangu, hapa sisi tutakula nini?"

Ni swali la Waislamu wengi wanaopita barabara ile. Jibu limo ndani ya sufuria. Katika jiko lile haiingii nyama, samaki wala yai, na pombe na sigara ni marufuku. Tulipewa mchuzi wa dengu, chapati, wali, mboga na chai. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unakula. Mama alikuwa na mtandio wake tayari. Hakuna aliyetuuliza dini wala kabila, na hatukudaiwa hata senti. Mwenye shaka ya kidini na amuulize shekhe wake. Mimi nasimulia nilichokiona.

Chakula hicho Masikh hukiita langar. Ni desturi inayotokana na Guru Nanak, aliyezaliwa Punjab mwaka 1469. Maana yake ni kwamba tajiri na maskini waketi safu moja, wale chakula kimoja.

Kilifikaje Ukambani? Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab: Waislamu, Masikh na Wahindu. Karibu 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na maelfu wakabaki. Makindu ilikuwa stesheni muhimu, na Masikh wa reli ndio waliojenga hekalu hilo mwaka 1926.

Sasa tazama bakuli lenyewe. Chapati, ambayo leo hakuna sikukuu Kenya isiyokuwa nayo, ilikuja na Wahindi pamoja na jina lake. Pojo zetu, ambazo bara huziita ndengu na Watanzania choroko, asili yake ni India. Leo wakulima wakubwa wa Kenya wa nafaka hiyo ni Wakamba wa Kitui na Makueni, kwa sababu inavumilia ukame. Sisi wa pwani tukaitia tui la nazi, tukaifanya yetu. Mbegu ya Mhindi, jembe la Mkamba, nazi ya Mswahili. Ukimuuliza mtoto wa Mombasa pojo za nazi ni chakula cha nani, atakwambia ni cha nyanya yake, na hajakosea.

Mambo haya si ya kwetu pekee. Kusini mwa Vietnam kuna supu ya tambi za mchele iitwayo hủ tiếu. Tambi na jina vilitoka kwa Wachina wa Teochew. Wakhmer wa Kambodia wana yao, kuy teav, na aina inayosifika sana Vietnam huitwa hủ tiếu Nam Vang. Nam Vang ni jina la Kivietnam la Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Basi Mvietnam akiagiza supu ya nyumbani, anautaja mji wa jirani yake. Lakini kwa kawaida supu hiyo huchemshwa na mifupa ya nguruwe, kwa hiyo mimi na wewe tutaitazama kwa macho tu.

Hapo ndipo nilipoelewa sufuria ya Makindu. Kinachotiwa chunguni hutupa ladha, na kisichotiwa ndicho kinachoamua nani ataketi. Wale wameacha nyama, na kwa hivyo mama yangu alipata mahali.

Kilichonitia aibu ni meza ya pili. Wasafiri wenzetu, wa lafudhi yetu ya pwani kabisa, walijaza sahani, wakala nusu, wakainuka. Chakula kile hutoka katika michango na huandaliwa na watu waliojitolea. Bure haimaanishi hakina mwenyewe. Chukua unachoweza kumaliza, na ukiwa na chochote, acha cha kumlisha anayekuja nyuma yako.

Mama alimaliza chai, kutetemeka kukakoma. Tukaondoka. Njia nzima hadi Emali hakusema kitu, kisha akauliza: "Hivi sisi, msikiti wetu uko barabarani vilevile. Msafiri akishuka pale na njaa, anapata nini?"

Sikuwa na jibu. Nawaachia swali, jamaa zangu.