Msimbo wa Android Upate Ghala Lake Tabora

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Walikaa hapo zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuendelea na safari ya Ziwa Tanganyika. Misafara mingi iliyopanda kutoka Bagamoyo ilifanya vivyo hivyo. Ikishafika Unyanyembe, eneo la Tabora hiyo, wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba kama frasila mbili kila mmoja, yaani kilo 32 hivi, walilipwa ujira wao na kutawanyika. Mizigo ilifunguliwa, ikahesabiwa na kufungwa upya, halafu njia zikaachana: moja ya Ujiji, nyingine ya Karagwe na Buganda. Mfanyabiashara wa bara hakushuka pwani kila alipopungukiwa na shanga au vitambaa. Mali ilikuwa imeshawekwa Tabora.

Utaratibu huo ndio ninaoutaka urudi Tabora, safari hii kwa ajili ya msimbo wa Android.

Mafundi simu wa mjini wanajua kuflashi. Simu ikikwama kwenye nembo, fundi anatafuta faili la mfumo linaloendana na modeli yake, anachomeka kebo, anaandika mfumo upya, na mteja anaondoka na simu inayowaka. Lakini faili lile limejengwa na wengine, mbali. Siku mtengenezaji akiacha kulitoa, maarifa ya fundi yanaishia hapo. Kujenga mfumo wenyewe kutoka kwenye msimbo wake ni hatua nyingine, na hakuna sheria inayomzuia mtu wa Tabora kuipiga. Msimbo wa Android uko wazi tangu Oktoba 2008. Sehemu yake kubwa iko chini ya leseni ya Apache, na keneli yake, yaani kiini cha mfumo, ambayo ni Linux, iko chini ya leseni ya GPL.

Kinachozuia ni uzito wa mzigo. Maelekezo ya Google yenyewe yanataka kompyuta yenye RAM ya GB 64 na nafasi ya GB 400 kwenye diski: GB 250 za kupokelea msimbo na 150 za kuujengea. Mashine yenye kori sita huchukua kama saa sita kukamilisha ujenzi mmoja. Sasa mfikirie kijana anayetegemea bando la simu. Hata akiazima kompyuta nzuri, bando litakata kabla msimbo haujamaliza kushuka, na rafiki yake wa mtaa wa pili akitaka kujaribu ataanza upya na bando lake. Kila mmoja anashuka pwani peke yake.

Programu ya repo, inayotumika kuvuta msimbo huo, ina njia ya kuweka nakala nzima kwenye seva ya karibu. Msimbo unashushwa mara moja, kisha wote walio kwenye mtandao wa ndani wanachota hapo, na masasisho yanayofuata huleta mabadiliko tu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Tabora. Mji una chuo cha ufundi cha VETA, una Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, una shule kongwe ya wavulana aliyosoma Mwalimu Nyerere. Taasisi moja tu ikikubali kuweka seva na mashine moja nzito ya kujengea, vijana wengine wote watafanya kazi kwa kompyuta za kawaida, wakituma mabadiliko yao na kusubiri faili lililo tayari.

Mifumo itakayojengwa tuijaribie kwanza kwenye kompyuta za bodi moja, zile ndogo kama Raspberry Pi. Kwa nini bodi badala ya simu? Kwa sababu bodi haifungwi. Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, haina kufuli la mtengenezaji linalokataa mfumo mgeni: mfumo huandikwa kwenye memori kadi, kadi ikachomekwa, ukawasha. Ukikosea, unaitoa kadi na kuiandika tena, na bodi haijaumia. Miradi ya LineageOS na GloDroid imeshaonyesha kwamba Android hukaa vizuri kwenye bodi za aina hii. Hata hivyo Android ya bodi ina mapungufu, na anayeanza ayajue mapema. Duka la Play halimo, kwa kuwa huduma za Google zina leseni yake nyingine, hivyo programu huchukuliwa F-Droid, duka la programu huria, au huwekwa kwa mkono. Video nzito zinaweza kukwama. Umeme nao usidharauliwe: Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na ukiilisha kwa chaja dhaifu ya simu utahangaika na hitilafu usizozielewa.

Mfumo uliojijengea mwenyewe mara ya kwanza huenda usiwake. Skrini inabaki nyeusi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Dawa ni nyaya tatu. Chukua adapta ndogo ya USB ya volti 3.3, usichukue ya volti 5 kwani itaunguza pini. Unganisha ardhi ya adapta na ardhi ya bodi, kisha pini ya kutuma iende kwenye ya kupokea, na ya kupokea iende kwenye ya kutuma. Fungua dirisha la maandishi kwenye kompyuta kwa kasi ya 115200, washa bodi, na usome. Keneli hueleza kila inachofanya, mstari kwa mstari: imeiona kadi, imekosa sehemu fulani, dereva fulani ameanguka. Mstari wa mwisho kabla ya kimya ndio unaokuonyesha pa kuanzia. Mwanafunzi akishazoea kuusoma, ameingia kwenye ufundi wenyewe.

Haya si mambo ya kujifurahisha tu. Desemba 2017, katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji zaidi ya 100 mkoani Tanga walipewa tableti za Pixel C zenye programu za kuwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mei 2019 timu za onebillion na Kitkit School ziligawana zawadi ya dola milioni 10, na msimbo wa washindani wote watano walioingia fainali ukawekwa wazi. Lakini Google iliacha kuiuza Pixel C mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2017, na toleo la mwisho rasmi ililopata ni Android 8.1. Masomo ya Kiswahili yako huru, kifaa kimezeeka. Atakayeweza kuijengea bodi Android ndiye atakayeweza kuyahamisha masomo hayo, tuseme hadi darasa la Sikonge au Urambo, na kuyaendesha kwa muda anaotaka yeye.

Kiswahili chenyewe kimo ndani ya msimbo. Kuna mafaili yaliyowekwa kwenye folda iitwayo values-sw, yenye maneno yote ya menyu, na kila neno linalokwaruza sikio la Mtanzania linaweza kubadilishwa hapo na mfumo ukajengwa upya. Lugha inayotajwa ya kwanza kwenye orodha ya lugha za mfumo unaojengwa ndiyo bodi itakayoamka nayo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kwa kutumia haki hiihii ya msimbo huria. Kwa hiyo kazi ya namna hii imeshafanywa na Watanzania.

Kwa anayetaka kuanza kabla seva haijapatikana: chukua kwanza LineageOS iliyokwisha kujengwa, hakiki faili lake, liandike kwenye kadi, ujifunze kuwasha na kusoma nyaya zile tatu. Ukivuta msimbo, vuta tawi moja bila historia yake, mzigo utapungua sana. Na kabla ya kutoa hela ya bodi au kisanduku cha TV dukani, uliza kina chipu gani na kama mtengenezaji ameutoa msimbo wa keneli yake. Kwa leseni ya GPL anadaiwa autoe. Muuzaji akikosa jibu, tafuta mwenyewe jina la chipu usiku huo, ndipo urudi kesho na hela.