Windows, Linux, Mac na Android: Upi Mfumo Salama?

Usalama wa mfumo endeshi hutegemea mambo mawili: nani ana ruhusa ya kubadili kitu ndani ya mashine, na kasoro ikigunduliwa huzibwa upesi kiasi gani. Jina la mfumo huja baadaye.

Katika steshenari za Songea, Windows ndiyo iliyozoeleka. Mteja huja na flashi, huchapishiwa barua yake ya kuomba kazi, na jioni flashi hiyo hiyo huwa imechomekwa kwingine. Windows XP ilikuwa ikifungua yenyewe kilichomo ndani ya flashi, na watumiaji wake wengi walifanya kazi za kila siku wakiwa na mamlaka yote ya msimamizi. Kirusi cha Conficker, kilichozuka Novemba 2008, kilinufaika na udhaifu huo wa flashi. Windows 7 ya mwaka 2009 iliuziba, na tangu Vista mfumo huomba idhini kabla programu haijagusa sehemu nyeti. Sifa mbaya ya Windows, basi, kwa sehemu kubwa ni deni la zamani.

Kilichobaki ni masasisho. Mei 12, 2017, programu hasidi ya WannaCry ilifunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000 duniani na kudai fidia, ilhali Microsoft ilishatoa kinga yake tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha. Fundi anayempigia mteja Windows ya kraki mara nyingi huzima masasisho, na kabla ya hapo huzima kinga ya virusi ili kraki ipite. Mteja hulipia kuondolewa ulinzi. Zaidi ya hayo, Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi za mtumba.

Kwa mashine hizo kuukuu, Linux ni jibu ambalo mafundi wengi hawalitaji. Ubuntu, aina moja ya Linux iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni ya bure, hivyo haina haja ya kraki. Matoleo yake ya muda mrefu husasishwa kwa miaka mitano, na programu hupatikana kutoka ghala moja linalokaguliwa. Hata hivyo ghala hilo si msahafu. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua mlango wa siri uliopachikwa katika xz, programu inayotumika kwenye Linux, baada ya kushangaa kuingia kwenye seva kunachelewa nusu sekunde tu.

Mac nayo iliwahi kuambukizwa: mwaka 2012 programu hasidi ya Flashback iliingia katika kompyuta zipatazo 600,000. Bei yake huifanya iwe nadra kuonekana mitaani.

Kwa watu wengi, kompyuta yenyewe ni simu. Android imejengwa juu ya Linux na kila programu hufungiwa eneo lake, lakini masasisho hutegemea kampuni iliyotengeneza simu, na simu za bei nafuu huachwa mapema. Hatari kubwa ni programu inayotumwa kwa WhatsApp badala ya kupakuliwa Play Store. Dhidi ya ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", hakuna mfumo unaosaidia. Masasisho, hata hivyo, unaweza kuyakagua mwenyewe: tarehe ya sasisho la mwisho la usalama huonekana kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za simu. Ikiwa ya miaka miwili nyuma, simu hiyo haifai tena kubeba akaunti ya benki.