Theluji yaanguka Kitengela, juu ya kioo cha kompyuta

Kila Desemba kadi za heri hutujia na picha za nyumba zilizofunikwa na theluji, na watoto wetu huimba nyimbo za baridi wasiyoijua, huku jua la Kajiado likiwachoma utosi. Si ajabu basi, mpenzi msomaji, mwanao aliye likizoni akikuomba theluji ianguke pia kwenye kompyuta ya nyumbani. Je, utamjibu vipi?

Wako wazazi watakaosema huo ni upuuzi wa kupoteza stima. Wako wengine watakaomwachia mtoto atafute mwenyewe mtandaoni, apakue chochote atakachokiona. Majibu hayo mawili yote yana hasara. Iko njia ya tatu, hasa ikiwa kompyuta yenu inatumia mfumo wa Linux: mfanyie mtoto anachotaka, kisha umwonyeshe kinavyofanya kazi. Theluji hiyo ya kuigiza inaweza kuwa siku yake ya kwanza ya kuiamrisha mashine badala ya kuitazama tu.

Linux imezidi kuingia majumbani kwa sababu ya haja. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuilinda Windows 10, na laptopu nyingi za mitumba zilizoko Kitengela, Kajiado mjini na Nairobi haziwezi kupokea Windows 11. Badala ya kuitupa mashine ambayo bado ni nzima, familia yaweza kuiwekea Linux bila kulipa senti. Ikiwa yenu ni mojawapo ya hizo, makala haya yanakuhusu.

Programu yenye umri wa mzazi

Programu maarufu ya kuangusha theluji kwenye Linux inaitwa Xsnow. Asili yake ni mwaka wa 1984, ambapo Rick Jansen aliitengeneza kwa ajili ya kompyuta za Macintosh iwe mfano wa kadi ya heri ya sikukuu. Mwaka wa 1993 ilihamishiwa kwenye mfumo wa madirisha unaoitwa X, ambao ndio Linux imeutumia kwa miaka mingi kuchora kila unachokiona kwenye skrini. Baadaye Willem Vermin aliichukua na kuiendeleza, akaiongezea mengi. Kwa hiyo mchezo anaoutaka mwanao huenda una umri sawa na wako.

Ukiiwasha, vipande vyeupe huanza kuteremka polepole kutoka juu ya skrini. Upepo huvuma mara kwa mara na kuvipeleka kando. Vingine hutua juu ya madirisha uliyoyafungua na kurundikana hapo, kana kwamba barua unayoiandika ina paa. Chini husimama misonobari, na Baba Krismasi hupita angani akivutwa na wanyama wenye pembe kama matawi. Matoleo mapya yana hata makundi ya ndege.

Namna ya kuiweka

Kwenye Ubuntu, Debian au Linux Mint, fungua terminali, yaani lile dirisha la kuandikia amri, uandike hivi:

sudo apt install xsnow

Mashine itakuuliza nywila. Iandike wewe mzazi, wala usimkabidhi mtoto, kwa maana mwenye nywila hiyo ana uwezo wa kubadilisha chochote ndani ya kompyuta. Xsnow ni programu ndogo na haitakumalizia bando. Ikishawekwa, andika neno xsnow peke yake, nayo theluji itaanza. Toleo jipya hufungua pia dirisha dogo la kurekebishia wingi wa theluji, upepo na mapambo mengine. Asiyetaka Baba Krismasi wala miti aandike:

xsnow -nosanta -notrees

Kuikomesha, rudi kwenye terminali ubonyeze Ctrl na C kwa pamoja, au uandike pkill xsnow.

Theluji isipoonekana

Huenda ukafuata hayo yote na usione kitu. Usiilaumu mashine, wala usimlaumu mtoto. Linux ina sura nyingi za deskitopu: GNOME, KDE Plasma, Cinnamon, Xfce, MATE na kadhalika. Chini ya sura hizo kuna mfumo unaochora skrini. Ule wa zamani ni X, na mpya unaitwa Wayland. Chini ya X, programu yoyote iliweza kuchora popote, hata juu ya eneo la programu nyingine. Wayland huizuia kila programu ibaki ndani ya dirisha lake, ili mwizi asiweze kuchungulia unachokiandika. Ulinzi huo ni mzuri, lakini ndio unaoizuia theluji kuanguka skrini nzima.

Kujua unatumia upi, andika: echo $XDG_SESSION_TYPE. Jibu likiwa x11, uko salama kwa theluji. Likiwa wayland, toka kwenye akaunti yako, na kabla ya kuandika nywila tena tafuta alama ya kuchagua Xorg au X11. Fahamu kwamba si kila kompyuta ina nafasi hiyo. Ubuntu 25.10, iliyotoka Oktoba 2025, iliiondoa kabisa kwenye deskitopu yake ya GNOME. Kwa mashine kuukuu, Linux Mint 22 yenye Cinnamon au Xfce huanza na X bila kuulizwa, nayo inafaa kwa kazi hii.

Chambo cha sikukuu

Huenda ukauliza: kwa nini nisumbuke na amri, ilhali mtandaoni zimejaa theluji za bure? Hapo ndipo penye hatari. Kwa miaka mingi mapambo ya sikukuu yametumiwa kama chambo, kwa sababu mtu mwenye furaha hafungui macho sana.

Desemba 1987 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Clausthal, katika Ujerumani Magharibi ya wakati huo, alituma programu iliyochora mti wa Krismasi kwenye skrini. Aliyeifungua aliuona mti, akafurahi. Asichokijua ni kwamba wakati huo huo programu ilikuwa ikisoma orodha ya watu anaowasiliana nao na kumtumia kila mmoja nakala yake. Nakala zilizaana hadi zikaisonga mitandao ya vyuo vya Ulaya na Marekani, pamoja na ule wa kampuni ya IBM yenyewe. Mti ule haukuwa na nia ya kuiba, ila ulionyesha njia, na waliofuata hawakuwa wema.

Basi mwekee mwanao kanuni moja: programu hutoka kwenye ghala rasmi la mfumo wenyewe, ambalo ndilo amri ya apt hulitumia. Ikitoka kwingineko, mzazi aulizwe kwanza. Akiizoea kanuni hiyo kwenye theluji, ataikumbuka siku atakapotumiwa kiungo cha kudai akaunti yake ya benki imefungwa.

Uzuri una gharama

Kila kipande cha theluji kina namba mbili ndani ya kompyuta. Moja yaeleza kiko umbali gani kutoka kushoto mwa skrini, na nyingine umbali gani kutoka juu. Kompyuta hukifuta kipande, huiongeza ile namba ya pili kidogo, kisha hukichora upya chini ya pale kilipokuwa. Ikirudia hivyo mara nyingi kwa sekunde moja, jicho hudanganyika na kuona kitu kinaanguka. Upepo ni kuibadilisha namba ya kwanza. Kipande kikifika chini, hurudishwa juu kuanza tena.

Hesabu hizo ni nyepesi, lakini zifanye kwa mamia ya vipande usiku kucha na laptopu kuukuu itapata joto, feni italia, betri itakwisha. Stima ikipotea huku dada mtu hajamaliza kuchapa ripoti yake ya chuo, theluji haitakuwa tena jambo la kuchekesha. Kubalianeni nyumbani: theluji huwashwa kompyuta ikiwa kwenye waya na hakuna mwenye kazi. Mashine ikilemewa, punguzeni wingi wa vipande. Mtoto ajifunze mapema kwamba kila kinachong'aa kwenye skrini hulipiwa na mtu.

Theluji iliyo karibu nasi

Theluji ya skrini itazaa swali ambalo usilikwepe: Je, ya kweli iko wapi? Huna haja ya kumtajia mtoto Ulaya. Upande wa kusini wa kaunti hii hii ya Kajiado, kule Oloitoktok na Amboseli, asubuhi isiyo na mawingu mtu huuona mlima Kilimanjaro ukiwa na weupe kichwani, ng'ambo tu ya mpaka wa Tanzania.

Mpe hesabu ya likizo. Kitengela iko kwenye kimo kinachozidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Akipiga hesabu yake sawasawa atapata tofauti ya nyuzi zipatazo 26, naye ataelewa kwa nini sisi huvaa shati siku hiyo hiyo ambayo maji yanaganda mlimani.

Mwambie pia habari isiyopendeza. Wanasayansi waliolinganisha ramani na picha walikuta kwamba asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwa Kilimanjaro mwaka wa 1912 lilikuwa limetoweka kufikia mwaka wa 2007. Mwaka wa 2022 shirika la UNESCO lilionya kuwa barafu ya mlima huo huenda ikaisha kabla ya mwaka wa 2050. Mtoto aliye na miaka 10 leo hatakuwa mzee wakati huo. Huenda weupe wa pale juu akaja kuwaonyesha wanawe kwenye skrini tu. Likizo hii, ikiwa nauli ipo, mpeleke akauone kwa macho.

Mgunga badala ya msonobari

Sasa tufikie jambo kubwa zaidi. Xsnow, kama Linux yenyewe, imeachwa wazi: yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuisoma na kuibadilisha. Watu wa kwetu wamewahi kuutumia uhuru wa namna hiyo. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliichukua OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, ukaifanya izungumze Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hawakungoja wenye programu wawakumbuke.

Mwanao anaweza kuanza na kitu kidogo kuliko hicho. Msonobari ule wa kwenye skrini haumei katika mbuga za Kajiado, unaomea ni mgunga. Na aung'oe msonobari aupande mgunga! Ndani ya folda yake ya nyumbani kwenye Linux atengeneze folda iitwayo xsnow, na ndani yake nyingine iitwayo pixmaps. Kisha kwa programu ya bure ya GIMP achore mgunga mdogo wenye kichwa bapa, asiupake rangi nyuma yake, na auhifadhi katika folda hiyo kwa jina la tree.xpm. Xsnow ikiwashwa tena itautafuta mti huo na kuusimamisha mahali pa ule wa awali.

Akishafaulu, mwambie aifungue picha hiyo kwa programu ya kuandikia maandishi. Atashangaa kuona kwamba mti wake umegeuka herufi. Kila mstari wa herufi ni mstari mmoja wa nukta: herufi fulani ni kijani cha majani, nyingine ni hudhurungi ya shina. Akibadilisha herufi moja, nukta moja itabadilika rangi. Picha za Baba Krismasi nazo hubadilishwa vivyo hivyo, kwa faili nne zinazoanzia santa1.xpm hadi santa4.xpm, zikipishana ili kiumbe aonekane anatembea. Anayetaka punda wa Kajiado aliyebeba mitungi ya maji apite angani, kazi ni kwake.

Mzazi usiyejua kompyuta, usiogope. Kaa naye tu umuulize, "Hapa umefanya nini?" Akikueleza, atakuwa amejifundisha mara mbili. Na akikosea, mwache akosee: kulifuta lile faili kunaurudisha msonobari, hakuna kilichoharibika.

Januari ikifika, mapambo yatashushwa na programu itazimwa. Lakini mtoto aliyeubadilisha mti mmoja kwa mkono wake hataitazama tena kompyuta kama sanduku la watu wengine. Atauliza kuna nini ndani ya mchezo mwingine, na mwingine. Swali hilo ndilo la kulilea nyumbani mwako mwaka mzima.